Kabla ya Shati Jeupe: Maneno kwa Makocha Wapya

Waheshimiwa viongozi wa chama cha soka cha mkoa, wakufunzi wetu, wenyeviti wa vilabu mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyinyi makocha mnaopokea vyeti leo: habari za mchana, na hongereni sana.

Nimekaa pale nyuma asubuhi nzima nikisoma orodha ya majina yenu. Wengi nawafahamu kutoka uwanjani. Yupo aliyekuwa beki wa kushoto ambaye winga akitaka kumpita alikuwa ajipange. Yupo kiungo aliyezunguka timu za mikoa mingi kwa sababu kila msimu ukiisha ama klabu inavunjika ama fedha inakata. Yupo kipa aliyekaa benchi Ligi Kuu msimu mzima bila kupangwa. Hakuna kati yenu ambaye picha yake ilibandikwa ukutani mwa kinyozi. Na swali mtakaloulizwa siku ya kwanza mtakapopeleka barua ya kuomba timu nalijua, maana ndilo linaloulizwa kila mahali: "Kwani wewe ulicheza wapi?"

Nataka nilijibu leo, wenyeviti wakiwa wamekaa hapa hapa. Na nitalijibu kwa maisha ya mtu ambaye wote mnamjua kwa sura, ila sidhani kama wengi wenu mnaijua miaka yake ya mwanzo: kocha Mfaransa Hervé Renard.

Mkisikia jina hilo mnaona shati jeupe, nywele za dhahabu zinazofika mabegani, na Saudi Arabia ikiifunga Argentina ya Messi. Wengine mnaikumbuka Zambia ya 2012. Hiyo ni mavuno. Mimi nataka tuzungumzie kilimo.

Alizaliwa mwaka 1968 Aix-les-Bains, mji mdogo wa kando ya ziwa mashariki mwa Ufaransa. Akiwa kijana alichukuliwa na AS Cannes, klabu ya pwani ya kusini yenye kituo cha vijana kilichokuwa na sifa. Alicheza beki. Akakaa pale mpaka mwaka 1990. Sasa fikirini alikuwa anafanya mazoezi na nani: katika klabu hiyohiyo, miaka hiyohiyo, alikuwapo kijana kutoka Marseille aitwaye Zinedine Zidane, aliyecheza mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza mwaka 1989. Mchezaji wa kawaida akiishi karibu na kipaji cha namna ile anajua mapema dari lake liko wapi. Hahitaji kuambiwa na kocha wala na gazeti.

Renard hakuitwa timu ya taifa ya Ufaransa. Hakununuliwa na klabu kubwa. Alipoondoka Cannes alikwenda Vallauris, jirani tu, mji unaosifika kwa vyungu kuliko kwa mpira. Alikaa huko miaka sita, kuanzia 1991 hadi 1997, kwenye madaraja ya chini. Kisha Draguignan, mji mwingine mdogo wa kusini, na huko ndiko alikotundika daluga mwaka 1998 akiwa anakaribia miaka 30.

Na mshahara wa madaraja hayo hautoshi kuishi. Mnaijua hali hiyo kuliko mimi ninavyoweza kuieleza. Renard alifanya kazi ya usafi. Ameisimulia mwenyewe mara nyingi bila kuificha: anaamka usiku wa manane, anatoa mapipa ya taka, anasafisha majengo watu wakiwa wamelala, na jioni anakwenda mazoezini. Baadaye alifungua kampuni yake ya usafi akawa anaiendesha. Hiyo haikuwa kazi ya mwezi mmoja ya kusubiri mambo yakae sawa. Ilikuwa maisha yake kwa miaka.

Nimekutana na wachezaji wetu wastaafu wanaoendesha bodaboda, wanaouza mitumba, wanaolinda maduka usiku, wakikuona wanavuka barabara ili usiwasalimie. Wanaona haya. Ndugu zangu, kazi halali ya alfajiri haikupunguzii kitu mbele ya wachezaji. Nafikiri inakuongezea. Mtu aliyewahi kushika fagio saa tisa za usiku halafu jioni akavaa viatu vya mpira, anapomwambia kijana wa miaka 19 kwamba mazoezi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sauti yake ina uzito ambao mtu aliyezoea kubebewa begi hawezi kuwa nao.

Mwaka 1999 Draguignan ileile ikampa timu aifundishe. Hapo ndipo alipoanzia: klabu ndogo, uwanja mdogo, wachezaji ambao mchana wako kazini. Mwaka 2002 akapata mlango. Kocha Mfaransa Claude Le Roy, aliyeipa Cameroon Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1988, alikuwa anakwenda China kufundisha Shanghai Cosco, akamchukua Renard kuwa msaidizi. Beki wa Vallauris akapanda ndege kwenda Shanghai.

Miaka iliyofuata hakuna mwenyekiti hapa ambaye angeitazama akasema huyu ni kocha wa kuchukua. Mwaka 2004 Le Roy na Renard walitua Uingereza, Cambridge United, timu ya daraja la nne. Le Roy hakukaa, Renard akaachiwa usukani. Kabla mwaka haujaisha kibarua kikawa kimeota nyasi, timu ikiburuza mkia, na msimu ulipokwisha klabu ikashuka. Akapita Vietnam, katika klabu ya Nam Dinh, kwa muda mfupi sana. Akarudi Ufaransa kufundisha Cherbourg ya daraja la tatu, mwaka 2005 hadi 2007. Mtu ana miaka 38, hana kombe, hana jina, amefukuzwa daraja la nne Uingereza. Kwa vigezo tunavyotumia sisi kuajiri, faili lake tungelirudisha bila kulifungua.

Le Roy akamwita tena. Safari hii Ghana, iliyokuwa inaandaa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2008. Renard akawa msaidizi wake. Ghana ilimaliza ya tatu. Nataka msimame kidogo hapo kwenye neno msaidizi. Huku kwetu kocha msaidizi anachukuliwa kama mtu wa kupanga koni na kubeba mipira, na wengi wenu nikiwaambia mwanze hivyo mnaona nimewashusha. Lakini msaidizi ndiye anayeona bosi wake akikosea bila yeye kulipa gharama ya kosa. Anamwona akiongea na waziri, na waandishi, na mchezaji aliyekasirika kwa kuwekwa benchi. Renard aliiona Afrika kwa mara ya kwanza akiwa nyuma ya mtu aliyekuwa anaifahamu kwa zaidi ya miaka 20. Nasema bila kusita kwamba shule hiyo ilimfaa kuliko cheti chochote, na nasema hivi siku ya kugawa vyeti.

Mwaka huohuo wa 2008 Zambia ilikuwa inatafuta kocha. Ikamchukua yeye. Manung'uniko yalikuwapo, na mnaweza kuyakisia: huyu ni nani, amefundisha wapi, ameshinda nini. Chama cha soka cha Zambia kikashikilia msimamo. Katika fainali za 2010 kule Angola, Zambia ikaongoza kundi lenye Cameroon, Tunisia na Gabon, ikaingia robo fainali kwa mara ya kwanza baada ya miaka 14, ikatolewa na Nigeria kwa matuta. Kisha Renard akaondoka. Akafundisha Angola miezi michache, hakudumu. Akaenda Algeria, USM Alger, nako hakukaa. Oktoba 2011 akarudi Zambia kuchukua nafasi ya Mwitaliano Dario Bonetti, ambaye alikuwa ametoka tu kuipeleka timu fainali. Niseme haki: Bonetti alifanya kazi yake, na kuachishwa wiki ile ile ya kufuzu ni jambo gumu kwa kocha yeyote. Tunapoisifu Zambia ya 2012 naye tumtaje.

Sasa hii ya 2012 mnivumilie, nitakaa nayo kidogo.

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi iliyoibeba timu ya taifa ya Zambia kwenda Dakar kucheza na Senegal ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Alikufa na kocha wao, Godfrey Chitalu, ambaye enzi zake alikuwa mfungaji wa kuogopwa. Nyota wa timu hiyo, Kalusha Bwalya, hakuwamo, kwa kuwa alikuwa anacheza Uholanzi na angesafiri peke yake. Wazee waliopo hapa mnakumbuka redio ilivyotangaza. Zambia ni jirani yetu. Reli ya TAZARA inatuunganisha nao, na msiba ule ulifika mpaka kwenye vijiwe vyetu.

Miaka 19 baadaye fainali za Mataifa ya Afrika ziliandaliwa kwa pamoja na Guinea ya Ikweta na Gabon. Zambia ilicheza mechi zake zote za kabla ya fainali upande wa Guinea ya Ikweta, na fainali yenyewe ilikuwa Libreville. Waliifunga Senegal 2-1, wakatoka sare ya 2-2 na Libya, wakawafunga wenyeji 1-0, kisha Sudan 3-0. Nusu fainali walikutana na Ghana, timu ambayo Renard aliwahi kuihudumia kama msaidizi, na bao moja la Emmanuel Mayuka likatosha. Kwa maana hiyo, ili wafike Libreville ilibidi wafike fainali. Na walipofika, kabla ya mechi, walikwenda ufukweni kuweka maua. Kalusha alikwenda nao, wakati huo akiwa rais wa chama cha soka.

Wapinzani wao walikuwa Ivory Coast: Didier Drogba, Yaya Touré, Kolo Touré, Gervinho. Timu ambayo haikuwa imeruhusu bao hata moja mashindano yote. Zambia ilikuwa na kina nani? Nahodha Christopher Katongo alikuwa anacheza China. Kipa Kennedy Mweene alikuwa Afrika Kusini. Rainford Kalaba, Stoppila Sunzu na Hichani Himoonde walikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao ukishuka uwanja wa ndege unaagiza chai kwa Kiswahili. Hawa ni wachezaji wa ligi tunazozijua sisi. Hawakutoka mwezini.

Mechi haijakaa sawa, beki Joseph Musonda akaumia akatolewa, analia. Dakika ya 70 Drogba akapiga penalti juu ya goli. Dakika 90 zikaisha bila bao, muda wa nyongeza ukaisha bila bao. Kwenye matuta wachezaji wa Zambia walipiga magoti wakaimba. Saba wa kila upande wakafunga, akiwamo kipa Mweene mwenyewe. Kolo Touré akapiga, Mweene akaokoa. Kalaba naye akapaisha, nafasi ikapotea. Gervinho akapaisha. Akaja Sunzu, akafunga: 8-7.

Nimeitazama rekodi ya mechi hiyo mara nyingi, na kuna jambo nataka muitafute mlione wenyewe. Wakati wenzake wanakimbia huku na huku, Renard alimfuata Musonda, yule aliyeumia mwanzoni kabisa na hawezi kutembea vizuri, akambeba mikononi kama mtoto akampeleka walikokuwa wenzake wanashangilia. Kocha ametoka kushinda ubingwa wa Afrika, kamera za dunia nzima ziko pale, na wa kwanza kumfikiria ni beki aliyecheza dakika chache tu. Mtu aliyekuwa nyota maisha yake yote anaweza kujifunza kufanya hivyo. Lakini aliyepita Cannes bila kuwa nyota na akazunguka Vallauris na Draguignan hahitaji kujifunza. Anajua mchezaji aliyeachwa kando anavyojisikia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nyota.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la "ulicheza wapi". Mchezaji wa kawaida ana elimu ambayo nyota hana. Nyota alipata pasi kwa kuwa ni nyota, alisamehewa kwa kuwa ni nyota, alipangwa hata akiwa na homa. Wewe ilibidi ujue nafasi ya kusimama kwa kuwa kasi huna. Ilibidi umsome mpinzani kwa kuwa kipaji chake kimekuzidi. Ulikaa na wachezaji wa akiba ukasikia wanavyozungumza juu ya kocha akiwa hayupo. Umeona mshahara unachelewa, umeona timu inalala kwenye basi, umeona kiongozi anaingia chumba cha kubadilishia nguo kupanga kikosi. Yote hayo ni maarifa ya kazi, mradi uyafanyie kazi.

Sisemi wachezaji wakubwa hawawi makocha wazuri. Mahmoud El Gohary wa Misri alitwaa ubingwa wa Afrika akiwa mchezaji mwaka 1959 na akautwaa akiwa kocha mwaka 1998. Stephen Keshi alikuwa nahodha wa Nigeria ya 1994, na mwaka 2013 akarudi nalo kombe akiwa kocha. Hao ni wakubwa kweli kweli. Ninachokataa ni jina la uchezaji kuwa ndiyo karatasi ya kwanza na ya mwisho kwenye meza ya usaili.

Baada ya Zambia njia yake ilipanda na kushuka, nami sitawaficha kushuka kwake. Mwaka 2013 alichukua Sochaux, daraja la kwanza Ufaransa, timu ikiwa tayari hoi. Aliivuta mpaka siku ya mwisho ya msimu, siku hiyo wakafungwa nyumbani na Évian wakashuka. Mwaka 2015 Lille wakampa kazi kiangazi, Novemba wakamfungashia virago. Ngazi ya klabu ya Ulaya haikumkubali, na nadhani sababu yake iko wazi. Nguvu ya Renard ni kukusanya watu kwa wiki chache, kuwafanya wapendane na waamini jambo moja, na kuwasukuma. Kazi ya klabu, ya miezi kumi, kila wiki mechi, inataka mambo mengine pia. Kocha ana umbo lake kama mchezaji alivyo na namba yake. Mkilijua lenu mapema mtajiokoa na mengi.

Katikati ya Sochaux na Lille iko Ivory Coast, na hapa pana kitu kinachonigusa. Wale wale aliowaliza Libreville ndio waliomwajiri mwaka 2014. Chama chao hakikuona haya kumfuata aliyewafunga. Tarehe 8 Februari 2015, Bata, wakakutana na Ghana kwenye fainali. Tena 0-0, tena matuta. Wilfried Bony akagonga mwamba, Junior Tallo akapiga nje. Wako nyuma kwa penalti mbili mwanzoni kabisa. Ghana nao wakakosa mbili, ngoma ikarudi kuwa droo mpaka ikawafikia makipa. Goli la Ivory Coast lililindwa na Boubacar Barry, aliyekuwa amekaa benchi mashindano yale na akapangwa kwa kuwa kipa wa kwanza, Sylvain Gbohouo, aliumia. Barry huyohuyo ndiye aliyekuwa golini mwaka 2012 Sunzu alipofunga. Akaokoa penalti ya kipa mwenzake Razak Brimah, akainuka, akaenda kupiga yake, akafunga. 9-8. Renard akawa kocha wa kwanza kutwaa kombe hilo na nchi mbili tofauti.

Makocha, muulizeni Barry alivyokuwa anafanya mazoezi zile wiki alizokuwa kipa wa pili. Kipa wa akiba asiyetunzwa na kocha hawezi kuamka usiku mmoja akawa shujaa. Kuna mtu alimtunza.

Morocco nitapita haraka. Aliichukua mwaka 2016, akaipeleka Kombe la Dunia la 2018, la kwanza kwao baada ya miaka 20, na kwenye kundi la mwisho la kufuzu hawakuruhusu bao lolote. Tiketi yenyewe waliikata Abidjan kwa kuifunga Ivory Coast 2-0.

Kisha Saudi Arabia. Tarehe 22 Novemba 2022, uwanja wa Lusail, Argentina ilikuwa haijafungwa mechi 36. Messi akafunga kwa penalti dakika ya kumi. Renard alikuwa amepandisha mstari wa mabeki juu sana, karibu na katikati ya uwanja, jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu. Argentina ikatumbukiza mpira wavuni mara tatu zaidi kipindi cha kwanza, zote zikakataliwa kwa kuotea. Hapo kila mmoja wenu ajiulize: mabeki wako wameponea chupuchupu mara tatu, uko nyuma kwa bao moja, unawarudisha nyuma au unawaacha palepale?

Aliwaacha palepale. Na maneno aliyowaambia wakati wa mapumziko yalirekodiwa, video ikaenea. Anafoka kweli. Hawaambii kwamba mpango ni mbaya, anawaambia hawaubani mpira. Messi ana mpira katikati ya uwanja nao wamesimama wakimtazama; kama wanataka, anawaambia, wachukue simu wapige naye picha. Kisha anawauliza kama hawaoni kuwa wanaweza kurudi mchezoni. Dakika ya 48 Saleh Al-Shehri akasawazisha. Dakika ya 53 Salem Al-Dawsari akafunga la pili, bao ambalo litaonyeshwa miaka na miaka. 2-1. Argentina ile ndiyo iliyotwaa kombe mwezi uliofuata.

Tazameni lile somo kama makocha, si kama mashabiki. Ukali bila mpango ni kelele, wachezaji wanausahau wakifika mlangoni. Yeye alikuwa na mstari wa juu uliofanyiwa mazoezi, na alichodai ni sharti lake la pili, yaani mwenye mpira abanwe asipate muda wa kuinua kichwa. Akipata muda, mstari wa juu unakuwa kaburi lako. Ndiyo maana nimewasumbua wiki nzima na zoezi lile la kubana kwenye boksi dogo. Saudi Arabia baadaye walifungwa na Poland na Mexico wakatoka, na hilo pia ni sehemu ya habari. Mechi moja kubwa haikupi mashindano.

Mwaka 2023 akachukua timu ya wanawake ya Ufaransa, akafika robo fainali ya Kombe la Dunia, akatolewa na Australia kwa matuta kule Brisbane. Naitaja kwa sababu wapo hapa makocha wanaume ambao tukiwapangia mazoezi ya vitendo kwenye timu za wasichana wanaomba wahamishwe. Bingwa mara mbili wa Afrika aliitaka kazi hiyo.

Nimebakiza moja, na hili nawaelekea wenyeviti.

Januari 2024 Ivory Coast walikuwa wenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika. Guinea ya Ikweta ikawafunga 4-0 nyumbani kwao. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka katikati ya mashindano. Chama kikafanya nini? Kikamkimbilia Renard. Kikaomba Ufaransa iwaazime kwa wiki chache. Ufaransa ikakataa. Wakabaki na aliyekuwapo: Emerse Faé, msaidizi, kijana wao wenyewe, mchezaji aliyelazimika kuacha mpira mapema mwaka 2012 kwa ugonjwa wa mishipa ya damu, akafundisha vijana na timu za akiba Ufaransa, na hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Tarehe 11 Februari, Faé akaifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali, Ivory Coast bingwa.

Wenyeviti wangu, hebu liangalieni vizuri. Walimtaka Renard kwa kuwa sasa ana jina. Lakini Renard wa kweli, yule wa 2008 ambaye hakuna aliyemjua na ambaye Zambia ilimpa timu, alikuwa tayari amekaa kwenye benchi lao, anaitwa Faé. Walikuwa hawamwoni. Nami nikiwaangalia nyinyi, najiuliza ni wangapi wamekaa kwenye mabenchi yenu hivi sasa wakipanga koni.

Mwaka 2027 fainali hizo zinakuja kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Viwanja vinajengwa, hoteli zinajengwa. Makocha hawajengwi kwa saruji. Anayemfundisha mtoto wa miaka 12 katika kata yako jioni ya leo ndiye anayeamua kama mtoto huyo akifika 20 atajua kubana, kupokea mpira akiwa amegeuza mwili, kusimama mahali pake bila kupigiwa kelele. Anayefanya kazi hiyo mara nyingi ni mchezaji mstaafu wa daraja la pili anayejitolea, hana nauli, hana mipira ya kutosha, na akiomba afuatane na timu kubwa kujifunza anaambiwa asubiri.

Kwa hiyo ninaomba mambo ya kutekelezeka. Kila klabu iliyoleta mwenyekiti hapa leo ichukue angalau mmoja wa makocha hawa kuwa msaidizi, kwa mkataba wa maandishi, hata kama malipo ni madogo, mradi yawe yanalipwa. Asiwe mtu wa maji na koni tu. Akae kwenye kikao cha kupanga kikosi, aandike ripoti ya mpinzani, na baada ya mechi aulizwe aliona nini. Pia mkipokea barua za maombi, someni kwanza alichofundisha na alichofundishwa, ndipo mfike kwenye mstari wa alikocheza.

Na nyinyi makocha: mwenye kazi nyingine asiiache. Piga hesabu ya saa zako, tafuta timu ya watoto karibu na unapoishi, na uwe na daftari. Andika kila zoezi ulilolifanya, lilichukua muda gani, lilikwama wapi. Mtafute mkubwa mmoja wa kumfuata, kama Renard alivyomfuata Le Roy mpaka China na Ghana, na uvumilie kuitwa msaidizi. Kibarua kikiota nyasi, na kitaota, usitukane klabu redioni. Renard aliondoka Zambia mwaka 2010, na mlango aliuacha katika hali ya kuweza kufunguliwa tena.

Wakufunzi wameniomba niwakumbushe kwamba nafasi za kufuatana na timu za vijana wa chini ya miaka 17 zinapangwa leo hii baada ya chakula, kwenye chumba cha pili kutoka ofisini. Wenyeviti watatu wamekwishasema watachukua watu. Njooni na madaftari yenu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.